Kuhamisha AC ya gari la zamani kutoka R-12 kwenda R-134a

Mwezi uliopita mzee mmoja aliniletea Land Cruiser yake ya miaka ya 1980 karakana kwangu Dar es Salaam, akaniambia, "Fundi, gesi imejazwa juzi tu, lakini AC inapuliza joto." Nilipofunga geji za kupima presha, mshale wa upande wa presha kubwa ulipanda kupita kiwango cha R-12, gesi ya zamani ya AC, na kupita hata kile cha R-134a, gesi iliyochukua nafasi yake. Aliyelihudumia gari hilo kabla yangu alikuwa ameongeza gesi mpya juu ya mabaki ya gesi ya zamani, nazo zikichanganyika huweza kutoa presha kubwa kuliko ambayo kila moja ingetoa peke yake.

Magari mengi yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitoka kiwandani na R-12. Inapoza vizuri na haiwaki, lakini ina klorini, ambayo ikifika juu angani huharibu tabaka la ozoni, kama wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walivyoeleza mwaka 1974. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, wa kimataifa wa kulinda ozoni, ndio ulioanza kuiondoa sokoni. Isitoshe, kilo moja tu ya R-12 ikiachiwa hewani huchangia joto la dunia, kwa hesabu ya miaka 100, kama zaidi ya tani 10 za kaboni dioksidi. R-134a iliyochukua nafasi yake haina klorini, ila kilo moja yake bado ni sawa na zaidi ya tani moja ya kaboni dioksidi, na ndiyo maana makubaliano ya kimataifa ya Kigali ya Oktoba 2016 yanaipunguza nayo. Kwa hiyo fundi anayefungua mpira na kuiacha gesi itoke ikivuma, iwe ya zamani au mpya, anafanya madhara ambayo hakuna awezaye kuyarudisha nyuma. Mimi huinyonya kwa mashine hadi iishe, na ile iliyochanganyika naiweka katika mtungi wake peke yake, kwa kuwa ikiingia kwenye mtungi wa gesi safi huuharibu wote.

Kazi yenyewe inaanzia kwenye oili. R-12 ilisafiri na oili ya madini, ambayo haiyeyuki ndani ya R-134a. Gesi mpya inazunguka, oili inabaki imetuama kwenye kondensa (inayotoa joto la gesi nje) na ivapoleta (inayopoza hewa ya ndani ya gari), na kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, inasagika kwa ukavu. Kompresa ya mzee nilipoiinamisha juu ya bakuli jeupe, ilitoka oili nyeusi kidogo sana, yenye chembe za chuma zilizometameta nilipoisogeza bakuli juani. Ilibidi tubadilishe kompresa nzima. Kama ingewahiwa, ingetosha kumwaga oili ya zamani, kusafisha mabomba na kuweka oili ya esta, oili ya kutengenezwa kiwandani ambayo huvumilia mabaki machache ya ile ya madini.

Draya, yaani kikaushio cha mfumo, hubadilishwa kila mara, kwa sababu vidonge vyake vya kunyonya unyevu lazima viendane na gesi mpya na oili yake. Oringi zote, zile pete za mpira za kuziba maungio, nazo huwekwa mpya, na mipira iliyochoka huondolewa, kwani molekuli za R-134a ni ndogo zaidi na hupenya mahali ambapo R-12 ilizuilika. Baada ya hapo pampu ya vakumu, inayonyonya hewa na unyevu kutoka kwenye mfumo, hufanya kazi kwa muda usiopungua nusu saa, kisha naizima na kutazama kama mshale unatulia, maana ukisogea kuna uvujaji. Kiasi cha gesi hakilingani na cha zamani: kama kibandiko cha kiwandani kinasema gramu 1,000 za R-12, mimi naanza na 800, kisha naongeza kidogo kidogo huku nikisoma presha, bila kuvuka 900.

Wapo wanaoniomba niweke gesi ya kupikia kwa sababu ni rahisi kupatikana. Siweki. Ivapoleta imekaa ndani ya dashibodi, na ikivuja, gesi inayowaka itatokea miguuni pa abiria.

Kwenye gari la mzee nilifunga nipeli (sehemu za kuunganishia mpira wa gesi) za R-134a, ambazo mpira wa R-12 hauingii, kisha nikabandika chini ya boneti karatasi yenye aina ya gesi, uzito wake, aina ya oili na tarehe, ili fundi atakayelifungua baada yangu asome kwanza kabla hajafunga geji.