Walimu wa historia mnaotaka kazi ya makumbusho, njooni tuwekane sawa

Wiki hii tena. Mwalimu wa historia, miaka tisa kazini, kaja ofisini na bahasha yake ya vyeti, anataka kuhamia makumbusho "akapumzike na chaki". Nikamwagizia chai, maana hata mimi nimetoka huko huko, nimefundisha miaka kumi na moja kabla sijaingia huku kama afisa elimu na leo ndo naongoza nyumba hii. Ila jamani mnanichosha, kila anayekuja ana maneno yale yale.

"Historia naijua yote, naanza kazi siku hiyo hiyo."

Hii ndo inanipandisha presha. Eti unajua Majimaji ilianza 1905 ikaisha 1907, sawa, hiyo hata mlinzi wetu wa getini anaijua na anaisimulia kukuzidi. Makumbusho yanaishi kwa vitu, na kitu kinaishi kwa rejista. Chukua fuvu la Zinjanthropus, yule kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, aliloliona mtafiti Mary Leakey pale Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Lina namba yake, OH 5, na liliandikwa limetoka tabaka gani la udongo, ndo maana wataalamu waliweza kupima majivu ya volkano wakapata umri wa miaka kama milioni 1.75. Toa ile rekodi, umebaki na mfupa.

Sasa mtazame Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani wakaondoka na kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, uliwapa Wajerumani miezi sita wawe wamelirudisha fuvu lake, likaja kurudi 1954! Tena mwaka mmoja kabla, Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alienda mwenyewe makumbusho ya Bremen, Ujerumani, akakuta mafuvu kama elfu mbili, la Mkwawa halina jina, ikabidi wachambue kwa vipimo vya vichwa vya ndugu zake na tundu la risasi. Leo liko Kalenga, Iringa, na watu bado wanabishana kama ni lenyewe. Yote hayo kisa kikaratasi ambacho hakikuandikwa.

Kwa hiyo ushauri wangu, nampa kila mtu hata asiyeniuliza, kabla hujaomba kazi jitolee wiki mbili stoo. Sio kutembeza wageni, stoo. Unavaa glavu, unapima ngoma kwa futikamba, unaandika imetoka kijiji gani, nani kaitoa, ufa uko wapi, alafu namba unaiweka kwa wino mdogo upande usioonekana, unachukua nyingine. Ukiona siku ya tatu umechoka rudi shule, wala hakuna ubaya.

Na sisemi kwa kuwacheka, mimi mwenyewe niliumbuka. Onyesho langu la kwanza niliandika lebo kama notsi za ubaoni, sababu za vita, ya kwanza mpaka ya saba, ukurasa mzima. Nikakaa kwenye kona naangalia. Watu wazima wanapita tu kama wanawahi daladala, wanafunzi ndo wakasimama, nikafurahi weee, kumbe wanakopi kwenye madaftari kwa sababu mwalimu wao kasema atakagua, mkuki uko mbele ya pua zao na hakuna hata mmoja aliyeuangalia. Nilizibandua zote jioni ile. Nikaweka mistari minne na swali moja, huu mpini umelika upande mmoja tu, unadhani kwa nini? Kundi lililofuata wakainama, mmoja akashika mkuki wa hewani kuonyesha wenzake, wakaanza kubishana mkono wa kulia au wa kushoto. Hapo ndo uzoefu wa darasani unapolipa, lile jicho la kujua mtoto kapotea saa ngapi. Hilo njoo nalo, notsi ziache.

"Bila PhD ya akiolojia huwezi kuongoza."

Richard Leakey alishika makumbusho ya taifa ya Kenya 1968 akiwa na miaka 23, chuo kikuu hajasoma. Ila baba yake ni Louis, aliyewahi kuyasimamia hayo hayo, kwa hiyo usijipe moyo sana. Kasome akiolojia na urithi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafundisha, lakini usisubiri udaktari ndo uanze.

"Si uhamisho tu, kama wa Mtwara kwenda Moro."

Sio. Unabadili kada, na Makumbusho ya Taifa yako chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, sio wizara ya elimu. Barua ya kuomba uhamisho wa kituo haikufikishi popote.

"Bosi wa makumbusho anakaa anaandika historia."

Jana nimeanza na mchwa kwenye miguu ya kabati, paa linavuja juu ya stoo ya nguo, mkaguzi anataka vitabu vya tiketi, shule mbili zimefika saa moja bila barua, na fundi hapokei simu. Kitabu sijafungua tangu Jumatatu.

Yule mwalimu haya yote nilimwambia, chai ikapoa. Akanyamaza, akarudisha vyeti kwenye bahasha, kafika mlangoni ndo akageuka: glavu za stoo mnatoa nyie au naja nazo? Nikamwambia aje nazo, za kwetu zimeisha.