Dagaa acha, mawese acha, ugali acha: ushauri wa msosi ambao hujauomba

Kigoma salamu haziishi haraka. Utaulizwa za nyumbani, za watoto, za shamba, za ziwani, na ikifika zamu ya afya ukijichanganya tu ukasema "presha inanisumbua sumbua" basi umekwisha, utaondoka hapo na mizizi miwili, majani ya aina tatu, na orodha ya vyakula vya kuacha ambayo ukiifuata yote utabaki unakunywa maji ya uvuguvugu. Na hujamuuliza mtu.

Mimi ni afisa lishe, kazi yangu iko hapa hapa mkoani, na niseme ukweli siku za kliniki muda mwingi siutumii kufundisha kitu kipya, nautumia kufumua yale ambayo majirani wameshayashona. Silalamiki sana, ndio kazi yenyewe. Ila kuna moja limenifanya nikae niandike.

Kuna mama mmoja wa Ujiji, jina naliacha, ana kisukari miaka mingi na anatumia vidonge vya glibenklamidi kila asubuhi, anakwenda vizuri tu. Wakapata msiba, shemeji yake akaja kutoka Dar, mtu mwenye elimu yake na kauli nzuri, akamwambia shemeji huo ugali ndio sumu yenyewe inayokumaliza, achana nao, amka unywe maji ya limao na majani ya mlonge halafu usile kitu mpaka saa nane mchana. Mama wa watu akatii. Dawa yake akameza kama kawaida, mlonge akanywa, akakaa. Saa tano hivi yupo kwenye mkeka anachambua dagaa, mjukuu anamwangalia, anaona bibi anatupa dagaa anabakiza vijiwe, mtoto akacheka akajua bibi anamtania. Baadae mikono ikaanza kutetemeka, jasho linamtoka kama kanyeshewa, akaitwa anajibu maneno yasiyoeleweka, ndio jirani akashtuka wakamleta. Mashine ya kupima sukari ikasoma 2.4 mmol/L. Ikiwa chini ya 4 kwa mtu anayetumia dawa za kisukari tayari hiyo ni sukari kushuka, sasa 2.4 hapo unaongea na mtu anayeelekea kuzimia.

Kilichotokea ni hiki. Kile kidonge kazi yake ni kulikamua kongosho litoe insulini, ile homoni ya kushusha sukari, na hakiulizi umekula au hujala, chenyewe kinakamua tu. Ukila, insulini inakutana na chakula, kazi inafanyika. Usipokula inaikuta sukari ndogo iliyobaki kwenye damu inaisomba yote, na ubongo unaishi kwa sukari hiyo hiyo, ndio maana mtu anaanza kufanya vitu vya ajabu watu wanadhani amechezewa. Na mlonge nao haukumsaidia hapo, majani mengine yana uwezo kidogo wa kushusha sukari kweli, ukiyajumlisha na dawa kwenye tumbo tupu unakuwa umesukuma gari lililokuwa linateremka mlima.

(Ukikutana na hali hiyo nyumbani na mtu bado anameza vizuri, mpe vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari kwenye maji au nusu glasi ya soda yenye sukari, sio ile ya zero, subiri dakika 15 umpime tena, ikiwa bado iko chini rudia, ikipanda mpe chakula. Aliyezimia usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.)

Sasa ninachotaka kusema, yule shemeji sio mtu mbaya. Angekuwa mbaya mambo yangekuwa rahisi. Muuza dawa wa kwenye basi anayesimama akatangaza chupa moja inatibu bawasiri, kisukari, nguvu za kiume na mikosi, huyo unamwangalia unageukia dirishani, safari inaendelea. Shemeji utageukia dirisha gani? Mama mkwe je? Ushauri unaotuumiza wengi hauji na mtu tunayemshuku, unaletwa na mtu tunayemheshimu, amekuja na kuku mkononi, kala vumbi la safari kwa ajili ya kukuona, na wewe ukikataa unaonekana una dharau. Kwa hiyo watu wanafuata, na hospitali hawasemi. Ama wanaacha dozi kimya kimya kwa sababu aliyewashauri kasema dawa ya hospitali na ya majani haziendi pamoja. Mwaka 2011 nchi nzima ilikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji Ambilikile Masapila kwa shilingi 500, na wapo waliorudi wakaweka dawa zao kabatini. Wengi wao walishauriwa na nani? Ndugu. Nauli zenyewe zilichangwa na ndugu.

Niyapitie machache ninayoyasikia sana hapa kwetu, maana kichekesho chake ni kwamba mengi yana ukweli wa nusu.

Ugali. Utaambiwa wa sembe ni sumu, kula wa muhogo, au dona, au ulezi, huo kula hata sinia zima. Hapana jamani. Muhogo karibu wote ni wanga, dona ina makapi yake yanayosaidia lakini bado ni wanga, na uji wa ulezi nimeona watu unawapandisha sukari vizuri tu huku wanajipongeza. Habari iko kwenye kipimo cha tonge na kinachoukalia pembeni, mboga za majani zijae, dagaa au maharage yawepo. Asali nayo, watu wanasema ya Tabora haina shida kwa mgonjwa wa kisukari kwa sababu ni ya asili. Ile asali ni tamu naipenda mimi mwenyewe lakini karibu asilimia 80 yake ni sukari, na kongosho lako halijui kama nyuki ndio aliyeitengeneza.

Mawese yana maadui na mashabiki, hakuna wa katikati. Mmoja atakwambia yanagandisha moyo, mwingine atakwambia ni dawa mpe hata mtoto mchanga alambe. Ule wekundu ni kitu ambacho mwili unakigeuza vitamini A, macho na kinga ya mwili vinahitaji, hapo mashabiki wamesema kweli. Lakini karibu nusu ya mafuta yake ni yale yanayoganda, hapo maadui nao wana hoja. Kijiko kimoja kimoja kwenye sufuria la familia sio ugomvi. Kuyaunguza mpaka yawe meupe ndio umekula hasara pande zote mbili, vitamini umeichoma na mafuta umebaki nayo.

Chumvi, hii inanichosha. "Chumvi mbichi ndio mbaya, iliyopikwa haina madhara." Chumvi ni ya Uvinza au ya baharini, uipike uichemshe uilaze, inabaki chumvi, haiendi popote. Mtu mzima kwa siku nzima isizidi gramu 5, ni kama kijiko kimoja cha chai, na humo mnahesabu ya kwenye mboga, kwenye samaki wa kukaushwa kwa chumvi, na ya kwenye chipsi.

Damu. Mwanamke akipungukiwa damu atapewa juisi ya rozela kwa sababu ni nyekundu, na ataambiwa asiguse limao linakausha damu. Yaani kinyumenyume kabisa. Rangi sio damu. Kinachohitajika ni madini ya chuma, yapo kwenye maini, nyama, dagaa, maharage, na vidonge vya kliniki, halafu vitamini C ya limao au chungwa ndio inayosaidia mwili kuyanyonya yale ya kwenye maharage na mboga. Kinachozuia ni chai, ile ya rangi tunayoshushia chakula. Chai isubiri hata saa moja baada ya kula.

Na dagaa sasa. Ukimwambia Mwakigoma aache dagaa umemwambia ahame. Kwa watu wengi hakuna sababu ya kuacha, ana protini na akiliwa mzima mzima na mifupa yake ana kalsiamu nyingi. Ila mwenye gauti, yule ambaye kidole gumba cha mguu kinavimba usiku hata shuka likigusa anapiga kelele, huyo dagaa wengi na pombe vitamrudisha kitandani. Ndio maana nasema ukweli wa nusu, jirani yako aliyepona kwa kuacha dagaa hakudanganyi, alikuwa na ugonjwa mwingine tu. Hivyo hivyo aliyekwambia kula parachichi na madafu kwa wingi, kwake ni afya, kwa mtu ambaye figo zimechoka ile potasiamu inapanda mpaka moyo unavuruga mapigo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tena huo msemo ukae nao karibu, utakusaidia, maana wazee wana silaha yao: "asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Wakiitoa hiyo hakuna pa kukimbilia. Usijaribu kuwapiga mhadhara, sijawahi kuona mtu mzima amekubali mbele za watu kwamba alichosema sio. Mimi mwenyewe afisa lishe mzima nilishindwa kwa mama mkwe. Mtoto wangu wa kwanza ana wiki tatu, mama kasafiri kutoka Kasulu na thermosi na kitambaa cheupe, anasema mtoto ana kiu apewe maji, na kauji kepesi kwa mbali. Nikamtolea sayansi yote, miezi sita maziwa ya mama peke yake, utumbo, vijidudu, nini. Akanisikiliza mpaka mwisho akasema, mwanangu, mumeo nilimpa uji na ndio huyo umeolewa naye. Nilijibu nini? Sikuwa na jibu.

Kilichosaidia ni kumpa kazi. Siku ya kupima uzito nikamwambia mama naomba uende nasi ukambebe mjukuu, akakaa pale kliniki akaona mwenyewe ule mstari kwenye kadi unavyopanda, nesi akamwambia bibi huyu mtoto ananyonya vizuri hongera, akarudi anawatangazia mtaani kwetu Mwanga nzima kwamba mjukuu wake ananenepa kwa ziwa tupu. Uji ukaisha habari yake hapo hapo. Kumbe alikuwa anaogopa tu mtoto asife. Wengi ndio hivyo, ushauri ni hofu imevaa nguo za ujuzi, ukiishughulikia hofu wenyewe unapungua.

Na kwa wasiohitaji maelezo marefu, kuwa na sentensi moja mfukoni. "Asante shemeji, nitamuuliza dokta wangu siku ya kliniki." Ni kweli, ni ya heshima, na inamtupia mpira mtu ambaye hayupo. Akikung'ang'ania, "nipo kwenye dozi, nimekatazwa kuchanganya." Majani akikupa pokea kwa mikono miwili, ukishapokea sio lazima unywe. Ukisusa mbele yake unafungua kesi ya ukoo.

Kuna jingine hili la mwili. "Umepungua, unaumwa?" Unaulizwa njia panda ya Mwandiga watu wanasikia. Kwetu kunenepa ni sifa na kukonda ni tuhuma, na anayeuliza kichwani tayari ameshakupa ugonjwa. Wapo watu wanatumia ARV na hawajamwambia yeyote, wapo wenye mimba imetoka juzi, wapo walioamua wenyewe kupunguza kilo na wanafurahi. Hudaiwi maelezo na mtu yeyote hapo. "Nipo salama, za kwako?" halafu unamrudishia salamu mpaka achoke yeye, tena kwa salamu za Kiha utamshinda.

Nisijitoe na sisi wataalam. Kuna karatasi la daiti niliwahi kuliona mikononi mwa mzee mmoja wa mwambao wa ziwa, limeandikwa asubuhi ale oti na tufaha, mchana brokoli. Mzee anaishi kwenye samaki wa migebuka na muhogo, hiyo brokoli aitoe wapi, ziwani? Tukimpa mtu ushauri usiolika, jirani atampa unaolika, na tusimlaumu akimfuata jirani. Ukipewa karatasi la namna hiyo rudi useme, mimi hivi sina, nina dagaa, muhogo, maharage, mchicha na ndizi, nipangie na hivyo. Una haki ya kurudi. Ukiwa mbali piga 199 ya Wizara ya Afya, ni bure.

Dawa za asili nazo zina utaratibu, lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kwa sheria ya mwaka 2002, anayekuuzia muulize kama amesajiliwa, uone atakavyobadilika sura. Ila kubwa kuliko yote msitufiche. Ule mfuko wa majani mliopewa njooni nao kliniki. Hatuuchomi. Mwezi uliopita mzee mmoja katoa kwenye koti chupa ya maji ya nusu lita imejaa mizizi, kaiweka mezani kwa woga kama kakamatwa na bangi, tukaifungua, tukanusa, tukamuuliza anakunywa kiasi gani na saa ngapi, tukapima presha, tukaandika kwenye faili. Akatuangalia akasema, "nilijua mtanifukuza." Halafu akaingiza mkono kwenye mfuko wa pili wa koti akatoa chupa nyingine, hiyo alikuwa bado anaificha.