Taharuki Huanza Kabla Adui Hajaonekana

Kila muhula wanafunzi wa filamu hapa chuoni kwetu Arusha hunikabidhi kazi zao za kwanza, na nyingi huanza kwa namna moja. Muziki unapasua spika, umeme unakatika, jitu lenye kofia linaibuka na panga. Mtazamaji anaruka kwenye kiti. Nusu dakika baadaye ametulia, anachezea simu. Huko ni kushtua watu, na kushtua ni kazi nyepesi. Taharuki ni kumfanya mtu asubiri jambo analoliogopa, na msingi wake huwekwa dakika mbili tatu za mwanzo.

Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu kutoka Uingereza, alilieleza hili kwa mfano wa bomu chini ya meza. Watu wanapiga soga, mara bomu linalipuka: watazamaji wameshtuka kwa sekunde 15, basi. Sasa waonyeshe kwanza bomu likitegwa, wajue litalipuka saa saba, na saa ya ukutani inaonyesha saa saba kasorobo. Soga zilezile zisizo na maana zinageuka mateso. Mtu anatamani kuwapigia kelele wainuke waondoke.

Mwongozaji wa Marekani, Orson Welles, alifungua hivyo filamu yake ya mwaka 1958, Touch of Evil. Tunaona bomu la saa likitegwa na kufichwa kwenye buti la gari. Kisha kamera, ikiwa juu ya winchi, inapaa na kulifuata gari hilo mitaani, katika mji wa mpakani mwa Mexico na Marekani, kwa zaidi ya dakika tatu bila kukatwa. Ni huko kutokukata kunakotesa. Picha inapobadilika, mtazamaji hupata upenyo wa kuvuta pumzi. Welles alimnyima upenyo huo, huku wapita njia wakilikaribia gari bila habari yoyote.

Kamera huogopesha pia kwa kile inachokificha. Katika mwanzo wa Jaws, filamu ya mwaka 1975 kuhusu papa anayeua watu, papa mwenyewe haonekani kabisa. Kamera iko chini majini, inatazama juu kwenye miguu ya msichana anayeogelea usiku, na noti mbili za muziki wa mtunzi John Williams zinajirudia.

Lakini nikiulizwa vijana wetu wanapungukiwa wapi hasa, nitasema ni kwenye sauti. Wanatafuta kamera ya bei mbaya, halafu sauti wanarekodi kwa chochote kilichopo na kuifunika kwa muziki. Mwongozaji Fritz Lang alipotengeneza M huko Ujerumani mwaka 1931, filamu yake ya kwanza yenye sauti, hakuweka muziki wa kusindikiza hata kidogo. Mama mmoja mjini Berlin anaandaa chakula, akimsubiri binti yake atoke shule. Saa ya ukutani inalia. Anaita, "Elsie!" Sauti yake inapita juu ya picha za ngazi tupu, chumba cha darini cha kuanikia nguo kisicho na mtu, sahani ambayo haijaguswa. Kisha mpira wa Elsie unabiringika kutoka kichakani, unasimama. Tunaelewa mtoto ameuawa, ingawa uso wa muuaji hatujauona, wala tone la damu. Nimeionyesha sehemu hiyo darasani mara nyingi, na kila mara chumba kinanyamaza kimya kabisa. Hata kwenye kibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video, penye kelele za kila aina, watu hunyamaza pale filamu yenyewe inaponyamaza.

Mandhari nayo watu huyatafuta mbali: magofu, makaburi, nyumba ambazo hazijamalizika kujengwa. Mimi huwapeleka wanafunzi kwenye kihamba, shamba la migomba linalozunguka nyumba ya Mchaga, kule juu Moshi, jioni giza linapoanza kuingia. Migomba imesongana, hatua tano tu mbele hujui nani amesimama. Majani makavu yakisuguana kwa upepo, utaapa kuna mtu anatembea. Maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, yanapita. Mbwa wa jirani anabweka, halafu ghafla anaacha, na kule kuacha kunatisha kuliko kubweka. Tunakaa dakika tano bila kuongea, kila mmoja akiandika alichosikia, ndipo tunatoa kamera.

Mwanafunzi mmoja alitumia shoti moja tu. Kamera aliiweka chini, usawa wa goti, nyuma ya mgomba, na kwa mbali unaona mlango wa jiko ukiwaka mwanga wa moto. Mama anatoka, anajifuta mikono kwenye kanga, anaita, "Baraka!" Kimya. Anaita tena, anageuza shingo kusikiliza. Majani yanasuguana. Mara ya tatu anaitikiwa, "Naam, mama," taratibu, kwa adabu zote, na sauti inatoka hapahapa ilipo kamera, nayo ni sauti nzito ya mtu mzima.