Mfugaji huiamini ndoo ya maziwa

Miongoni mwa wenzangu wa ugani nasikia mara nyingi kwamba wafugaji ni wagumu kubadilika tunapowaletea malisho mapya. Siikubali kauli hiyo. Mwenye ng'ombe wawili, mmoja akivimba tumbo kwa chakula kigeni, hasara ni yake peke yake, mtaalamu ameshaondoka. Ndiyo maana huanza na mnyama mmoja, kidogo kidogo, macho yakiwa kwenye ndoo.

Na ndoo hujibu haraka. Ng'ombe anayekamuliwa, kama alikuwa amepungukiwa protini, akiongezewa malisho ya jamii ya kunde maziwa hupanda ndani ya siku chache. Ndama hubadilika polepole, na bila mizani tofauti haionekani, hivyo ndama husubiri zamu yake.

Mfano unaonifikirisha zaidi ni majani makavu ya mpunga yanayotiwa urea, ile mbolea yenye nitrojeni. Kilo 4 hadi 5 za urea huyeyushwa kwenye maji, hunyunyiziwa kilo 100 za majani, kisha hufunikwa yasipate hewa kwa takriban wiki 3. Yakifunuliwa yamelainika, nitrojeni imeongezeka, na mnyama huyala kwa wingi. Kitaalamu ni njia nzuri. Miaka ya 1980 ilihimizwa sana kusini mwa Asia, lakini wengi waliiacha miradi ilipokwisha. Urea ilitaka fedha taslimu, maji yalitaka kuchotwa, turubai kununuliwa, yote kwa ng'ombe mwenye maziwa machache. Mfugaji alipiga hesabu, akaona haimlipi. China, ambako serikali iliisukuma na soko la nyama lilikuwa likikua, ilifika mbali zaidi.

Maji hayo huchotwa na nani? Mara nyingi ni wanawake na watoto, ilhali kwenye mafunzo tunamwita baba mwenye nyumba. Hili linaniudhi kuliko yote. Anayebeba mzigo akiona kazi imeongezeka na fedha za maziwa hazimfikii, ataacha, na ana haki.

Kaliandra, mti wa malisho wa jamii ya kunde, ina nafasi nzuri zaidi. Kilo 3 hivi za majani mabichi huweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha kununua cha ng'ombe wa maziwa, na mti huota mpakani bila kugombea shamba na mazao. Wapo wanaoilisha kiangazi tu, na wanaoichanganya na pumba kwa vipimo vyao. Kwangu hao nao wameipokea. Hupenda kurudi mbegu za bure zikishakwisha, nione nani amepanda alizovuna mwenyewe.