Unataka kwenda kufundisha Thailand? Anza na makaratasi, hela utauliza baadaye

Kila tukikaribia mwezi wa tatu inboksi yangu inajaa swali moja tu, eti mwalimu Thailand analipwa shilingi ngapi. Nawaelewa kabisa, maana mtu ana digrii yake ya ualimu, yuko mtaani anasubiri ajira mwaka wa pili mwaka wa tatu, halafu anakutana na tangazo mtandaoni mwalimu wa Kiingereza anatafutwa, baht 30,000 (baht ndiyo hela ya Thailand) kwa mwezi, lazima ataulizia hela. Ila mimi huku nimefundisha miaka sasa, shule za serikali na za binafsi, na nimekaa na walimu wenzangu wa Kenya, Uganda, Cameroon na wa kwetu Tanzania tukijaza fomu mpaka usiku, kwa hiyo naomba mnisikilize: mshahara ni swali la tatu. La kwanza ni nani anashughulikia visa na kibali chako cha kazi, la pili mkataba wako unaanza lini na unaisha lini. Ruhusa yako ya kuishi hapa imefungamana na huo mkataba, siku ajira inaisha na ruhusa nayo inaisha, haijalishi umelipa kodi ya nyumba mpaka mwezi gani wala una akiba kiasi gani benki.

Tuanze na visa yenyewe. Visa ya kuja kufanya kazi inaitwa Non-Immigrant B, watu wote huku wanasema Non-B. Ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi ndio unaotuhudumia na sisi Watanzania, maombi siku hizi ni onlaini. Ukiingia na Non-B unapewa siku 90, ndani ya hizo siku shule inakuombea kibali cha kazi, ukishakipata unaenda uhamiaji kuongezewa muda mpaka mwisho wa mkataba au mwaka mmoja. Huo ndio mpangilio na hauna njia ya mkato. Sasa kuna mawakala wanawaambia watu "we njoo na visa ya utalii, ukifika tutabadilisha". Jamani. Wapo waliobadilishiwa kweli, siwezi kukataa, lakini wapo pia niliowaona wanafundisha miezi miwili mitatu bila kibali huku wakala anasema karatasi ziko njiani, na sheria ya hapa iko wazi kwamba mgeni akikamatwa anafanya kazi bila kibali faini ni baht 5,000 mpaka 50,000 na kurudishwa kwao juu. Mwajiri naye anapigwa faini, sawa, ila yeye analala nyumbani kwake, we ndo unapandishwa ndege. Na usijipime na mwenzako Mwingereza mnayefundisha naye darasa moja, yule anaingia nchini bila visa na akikwama anavuka mpaka anarudi, pasipoti yetu haina huo mlango, kila mpaka kwetu ni maombi mapya na hela mpya. Shule ikishindwa kukutumia barua za kuombea Non-B ukiwa bado uko Dar au Mwanza, achana na hiyo shule.

Makaratasi ya nyumbani sasa, hapa ndipo watu wanapoteza muda mwingi kuliko wanavyotegemea. Cheti cha digrii na transkripti, vyote orijino, vyenye mihuri ya kuthibitishwa, ikiwemo ya Wizara ya Mambo ya Nje pale shule inapoitaka. Cheti cha polisi cha kuonyesha huna rekodi ya uhalifu, kile cha alama za vidole. Kadi ya njano ya homa ya manjano, maana nchi zetu za Afrika Mashariki ziko kwenye orodha yao na pale uwanja wa ndege unaulizwa kabla hata hujafika dirisha la uhamiaji. Halafu kuna jambo linawatesa sana Watanzania, nalo ni majina. Cheti cha form four kina majina mawili, digrii ina matatu, pasipoti imeandika la babu mwanzo au imebadilisha herufi moja, Mohamed kule Mohammed huku. Nyumbani hakuna anayekusumbua kwa hilo. Huku afisa anaweka pasipoti na digrii sambamba, anapitisha kidole herufi kwa herufi, ikipishana moja anafunga faili na kukurudishia. Nenda kwa wakili ule kiapo cha majina kwa Kiingereza ukiwa bado nyumbani, ni kazi ya siku moja pale, ukiwa tayari uko Bangkok inakuwa ya wiki kadhaa na unamsumbua kaka yako kukimbia ofisi hadi ofisi.

Kuna na mtihani wa Kiingereza. Thailand inawagawa walimu wa Kiingereza mafungu mawili, wale wa nchi zinazohesabiwa kuwa Kiingereza ndiyo lugha yao ya kuzaliwa, Uingereza, Marekani, Canada, Australia, New Zealand, Ireland, mara nyingi na Afrika Kusini wanaiweka humo, na sisi wengine wote. Hata kama umesoma kwa Kiingereza toka form one mpaka chuo kikuu, utaambiwa lete TOEIC, alama 600 kwenda juu ndizo zinazotakiwa mara nyingi, na matokeo yake yanadumu miaka 2 tu. Mtihani unaweza kuufanyia Bangkok. Kwa mwalimu aliyesoma kwa bidii sio mgumu, ila usiende kichwakichwa, sehemu ya kusikiliza inakwenda mbio na lafudhi ni za aina aina.

Huo mgawanyo unaingia mpaka kwenye mshahara na sitauficha. Tangazo litaandika native 38,000, mwingine 28,000, kazi ile ile, vipindi vile vile. Na mengine yanataka picha kwenye maombi, na tunajua picha ya nini. Utaandikiwa "nafasi imejaa" dakika chache baada ya kutuma picha, halafu kesho tangazo bado lipo. Inauma, na naona ni dhuluma kwa sababu walimu wa Kiafrika ninaowajua huku ni wale waliosomea ualimu kabisa, wakati anayepewa ile 38,000 wakati mwingine ana digrii ya jambo lingine na kozi ya mwezi mmoja. Lakini digrii ya ualimu inakuja kukulipa sehemu nyingine. Baraza la walimu la Thailand, Khurusapha, linataka kila mwalimu awe na leseni, na asiye nayo shule inamwombea ruhusa ya muda ya miaka 2, ambayo haiombwi milele. Wenye digrii za fani nyingine wanafika mahali wanakwama, inabidi warudi darasani kusomea ualimu, wakati we mwenye B.Ed. njia yako ya kwenda kwenye leseni ni fupi zaidi. Kwa hiyo mwalimu wa kweli akivumilia ile miaka ya mwanzo mezani ana kitu cha kujadiliana nacho. Ningekuwa wewe ningeanza kufuatilia leseni mwaka wa kwanza ule ule, nisisubiri ruhusa ya muda ikaribie kuisha.

Sasa mkataba. Shule huku zinafungua katikati ya Mei, muhula wa kwanza unaenda mpaka mwisho wa Septemba au Oktoba mwanzoni, wa pili unaanza Novemba unaisha Machi. Mkataba wa moja kwa moja na shule mara nyingi ni miezi 12, ila ukipitia kampuni ya wakala mingi ni miezi 10 au 11, maana yake Aprili hakuna mshahara, na kuna wanaokata na Oktoba nusu. Baht 30,000 mara 10 sio sawa na baht 28,000 mara 12, chukua kalkuleta upige mwenyewe. Na hiyo Aprili ambayo hulipwi ndiyo hiyo hiyo ambayo visa yako inaweza kuwa imeisha tarehe 31 Machi pamoja na mkataba, umekaa chumbani huna hela na huna ruhusa. Kukaa zaidi ya muda faini ni baht 500 kwa siku, mwisho baht 20,000, na ukikamatwa barabarani habari inakuwa nyingine kabisa. Kwa hiyo soma tarehe. Na ukizisoma kumbuka Wathai wanahesabu mwaka kwa kalenda ya Kibuda, wako mbele ya sisi miaka 543, ukiona mkataba unaishia 2570 huo ni 2027. Mkataba wa Kithai usiusaini mpaka upate wa Kiingereza ulio sawa nao, kwa sababu wenye nguvu ofisini ni ule wa Kithai.

Ukishakaa kuna mambo mawili ya uhamiaji ambayo usiyasahau kabisa. La kwanza, kila baada ya siku 90 unaripoti unapoishi, fomu inaitwa TM47, dirisha liko wazi siku 15 kabla ya tarehe mpaka siku 7 baada, ukipitiliza faini ni baht 2,000. Ni bure na inafanyika hata onlaini, tatizo ni kusahau tu, weka alamu kwenye simu. Lakini mwenye nyumba awe ameshatoa taarifa yake ya TM30 kwamba mgeni anaishi kwake, wengine hawajui hata ni nini, wakumbushe kwa upole siku ile ile unahamia. La pili ni ruhusa ya kurudi. Ukitoka nje ya Thailand bila re-entry, muda wote uliobaki kwenye pasipoti unafutika hapo hapo mpakani. Dada mmoja mwalimu, mtu makini sana, alifiwa na mama yake, akakata tiketi usiku akaondoka, nani anawaza mihuri siku kama hiyo, aliporudi ikabidi aanze visa upya toka Nairobi na shule haikuweza kumsubiri. Ndiyo maana nawaambia watu wakate ile ya kutoka na kurudi mara nyingi, baht 3,800, siku ile ile wanayoongezewa muda, ingawa ya safari moja ni 1,000. Msiba haukupi taarifa. Na kama huna, pale uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, Bangkok, kuna kaunta ya kuikata kabla hujapita uhamiaji, wahi mapema.

Chumba sitakaa nacho sana. Andaa hela ya kodi ya mwezi na amana ya mwezi mmoja au miwili siku ya kwanza, na uliza umeme uniti bei gani, kwa sababu wenye vyumba wengi wanakutoza baht 7 au 8 kwa uniti wakati bei ya serikali ni kama nusu, na joto la Aprili bila eisii hulali. Mwenye pumu asikubali haraka kazi ya kaskazini, Chiang Mai na jirani zake, Februari mpaka Aprili mashamba na misitu inachomwa na moshi unakaa juu ya mji wiki nzima. Waislamu wananiuliza chakula: miji mikubwa halali inapatikana, na mikoa ya kusini ya Pattani, Yala na Narathiwat wengi ni Waislamu, ila huko kuna machafuko toka 2004 kwa hiyo zungumza kwanza na watu walioko kule.

Darasani ndipo penye raha. Saa 2 asubuhi bendera inapanda, shule nzima imesimama, na we mwalimu unasimama nao umevaa vizuri, Jumatatu shati la njano kama shule ndiyo utaratibu wake. Watoto 45 wanainuka kwa pamoja, mikono kifuani, good morning teacher. Halafu unauliza swali na hakuna hata mkono mmoja. Sio wajinga na sio kwamba hawakupendi, mtoto anaogopa kukosea mbele ya wenzake. Mimi nawapa dakika wanong'onezane wawili wawili kwanza, ndipo namwuliza mmoja "mwenzako amesemaje", hapo anajibu, maana kosa likitokea sio lake. Fimbo sahau, kanuni ya Wizara ya Elimu ya mwaka 2005 imeiondoa kwenye adhabu za shule, na hata ukimwona mwalimu wa Kithai anachapa we usiguse. Usimshike mtoto kichwani hata kwa kumpongeza. Usimfokee mwalimu mwenzako mbele za watu, na matangazo yote yako kwenye grupu la LINE, app ya meseji kama WhatsApp, kwa Kithai, tafuta mwalimu mmoja mwenye moyo awe anakutafsiria, la sivyo utaingia darasani ukute viti vitupu wote wako kwenye michezo.

Na ukitaka kuhama shule usiandike barua kwa hasira. Ajira ikikoma ruhusa ya kukaa inakoma siku hiyo hiyo, unachoweza kuomba uhamiaji ni siku 7 kwa baht 1,900. Pata kwanza ofa ya shule mpya kwa maandishi, omba shule ya zamani barua ya kumaliza kazi yenye tarehe mliyokubaliana, halafu maafisa wa shule zote mbili waongee wenyewe kwa Kithai tarehe zishikane, shule ya zamani ifute kibali chako leo na mpya ikuombee kesho.