Mtoto mwenye ADHD na sahani yake: maswali ya wazazi

Mwanangu hatulii wala hasikilizi, daktari amesema ni ADHD, yaani hali ya kukosa utulivu na umakini. Je, inaletwa na sukari?

Hapana. Mwaka 1995 jarida la JAMA la Marekani lilichapisha uchambuzi wa majaribio 23 ambayo mtoto, mzazi na mtafiti wote hawakujua nani kapewa sukari na nani kapewa utamu usio sukari. Tabia na umakini wa watoto havikubadilika. Mwaka uliotangulia, wavulana wa miaka 5 hadi 7 walinyweshwa kinywaji kisicho na sukari, lakini nusu ya mama zao wakaambiwa kimejaa sukari. Mama hao ndio waliosema watoto wamezidi utundu, na ndio waliowakosoa zaidi. Soda ipunguze kwa sababu ya meno na kwa sababu inamshibisha mahali pa chakula. Mtoto asigombezwe kwa ajili yake.

Na rangi za pipi, barafu na ubuyu?

Hapo pana jambo. Mwaka 2007 watafiti wa Southampton, Uingereza, waliwapa watoto wa kawaida rangi za viwandani pamoja na kihifadhi E211, na utundu ukaongezeka kidogo. Tangu Julai 2010 Umoja wa Ulaya unataka onyo kwenye vyakula vyenye rangi za E102, E104, E110, E122, E124 na E129. Tafuta namba hizo kwenye pakiti. Ubuyu wa kufungwa kwenye nailoni hauna maelezo, lakini ukimwachia mtoto ulimi na vidole vyekundu, umetiwa rangi. Usio na rangi hauna tatizo. Ondoa rangi kwa wiki tatu, umwombe mwalimu naye aandike anachokiona darasani. Msipoona tofauti, basi.

Tangu aanze dawa hali mchana. Nifanyeje?

Hili ndilo la kushughulikia kuliko yote. Methilifenideti, dawa ya ADHD, hukata hamu ya kula wakati inafanya kazi: kidonge cha kawaida kwa muda wa saa 4 hivi, kile cha kutoa dawa polepole karibu mchana kutwa. Ndiyo maana kontena la chakula linarudi kutoka shule halijaguswa. Si ukaidi.

Mlishe kabla dawa haijashika. Uji wa maji mtupu humjaza tumbo bila kumpa nguvu. Upike nusu maziwa nusu maji, na kikombe kikiwa tayari koroga ndani yake kijiko kikubwa cha siagi ya karanga, chenye kalori zipatazo 90. Ongeza yai la kuchemsha. Mchana mpe vyakula vidogo lakini vyenye nguvu nyingi: karanga za kukaanga, parachichi, maziwa mgando. Usimlazimishe, atachukia meza. Jioni dawa ikiisha, njaa hurudi kwa nguvu, mara nyingi saa mbili usiku wenzake wameshakula. Mwekee sahani yake kamili, na kikombe cha maziwa kabla ya kulala.

Mtoto wa miaka 10 au chini apimwe uzito kila miezi 3, kwenye mizani ileile, na urefu kila miezi 6. Uzito ukisimama au kushuka, rudi kwa daktari abadilishe kiwango au saa ya dawa. Usiiache mwenyewe.

Nimnunulie vidonge vya madini ya chuma?

Si kabla ya kupima. Baadhi ya watoto wenye ADHD wana akiba ndogo ya chuma hata kama wingi wa damu ni wa kawaida, kwa hiyo omba kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba hiyo. Kisifanyike akiwa na malaria au homa: feritini hupanda mwili ukipambana na ugonjwa, na upungufu hujificha. Vidonge vingi kupita kiasi ni sumu kwa mtoto. Dagaa, maharage na mchicha vikamuliwe limau, na chai isubiri saa moja baada ya kula, kwani huzuia chuma kufyonzwa.

Mafuta ya samaki?

Yanasaidia kidogo tu, chini sana ya dawa. Vibua au dagaa mara mbili kwa wiki vinatosha. Hela ya vidonge vya mafuta hayo inunue mayai.

Nimeshauriwa nimwondolee maziwa, ngano na mayai vyote.

Usifanye hivyo bila mtaalamu wa lishe. Kwa mtoto ambaye tayari hali mchana, hivyo ndivyo vyakula vinavyobeba protini na nguvu yake ya asubuhi. Ukihisi kimoja kinamdhuru, andika siku alipokula, kiasi na kilichofuata, uende na daftari hilo kliniki.