Ulalo wa mstatili si mstari wa ulinganifu

Wengi huamini kwamba mstari wowote unaoligawa umbo katika vipande viwili vilivyo sawa ni mstari wa ulinganifu, yaani ule ambao umbo likikunjwa juu yake nusu moja huifunika nyingine kikamilifu, na kwa hiyo huhesabu minne katika mstatili: miwili inayopita katikati ya pande na miwili ya ulalo, inayounganisha kona zinazokabiliana. Mistari ya ulalo haimo. Chukua karatasi ya A4, yenye milimita 210 kwa 297, uikunje kwa kufuata ulalo wake: kona mbili zilizobaki hazikutani, bali kila moja huchomoza nje ya ukingo wa nusu nyingine. Sababu imo kwenye pembe, na hapa ndipo penye uzuri wa jambo lenyewe, kwa kuwa ulalo huo huigawa pembemraba ya nyuzi 90 katika sehemu zisizolingana, takriban nyuzi 35 na 55, ilhali mstari wa ulinganifu unaopita kwenye kona ni lazima uigawe pembe yake nusu kwa nusu. Mraba hutimiza sharti hilo, nyuzi 45 kila upande, ndiyo maana una mistari minne. Nusu mbili za mstatili ni pembetatu zilizo sawa kweli, lakini ili moja iifunike nyingine huna budi kuizungusha nyuzi 180 kwenye kitovu cha mstatili, kuikunja hakutoshi.